Kura 193: kisa cha Shelisheli kama nilivyokisimulia mwaloni Kirumba

Mama ninayenunua kwake dagaa pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki hapa Mwanza, hapimi kwa macho. Ana ndoo yake, na ukimwambia ya leo haijajaa kama ya juzi atakuonyesha alama aliyoikwaruza kwa kisu ndani ya ndoo, kisha atakusubiri uombe radhi. Asubuhi moja, wakati bado anapeta mchanga, mazungumzo yalihamia uchaguzi. Akaniuliza: "Mwalimu, kura yangu moja ndani ya mamilioni yote yale itaonekana wapi? Si sawa na dagaa mmoja kwenye gunia?"

Ningeweza kumpa hotuba ya somo la Uraia. Nimeifundisha miaka mingi na mwenyewe nimeichoka. Badala yake nilimsimulia yaliyotokea Shelisheli Desemba 2015. Hapa nakiandika kisa hicho kwa urefu, pamoja na yale niliyoyaruka siku ile kwa sababu wateja walikuwa wamejipanga nyuma yangu na wengine walishaanza kuguna.

Shelisheli, au Ushelisheli kama wengine wasemavyo (na ndiyo, jina ni moja na lile tunda ambalo watu wa pwani hulichemsha na kulikaanga), ni nchi ya visiwa 115 katika Bahari ya Hindi, na watu wake ni kama laki moja na ushee. Wengi wao wanaishi kisiwa cha Mahé. Mji mkuu unaitwa Victoria, kwa heshima ya malkia yule yule aliyebandikwa kwenye ziwa letu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, wilaya ya visiwa ndani ya ziwa hilo, na Ukerewe peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu laki nne. Kwa hiyo tunazungumzia taifa zima, lenye rais, bunge na bendera, ambalo lingeenea ndani ya wilaya yetu na nafasi ikabaki ya kuanika dagaa.

Historia yake ya kisiasa nitaipita haraka, ila kuna sehemu inayotuhusu. Walipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 29 Juni 1976, rais akiwa James Mancham na waziri mkuu France-Albert René. Mwaka haukutimia. Tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa René walimpindua. René alikuwa rafiki wa Tanzania ya Mwalimu Nyerere, na wanajeshi wetu walikwenda kukaa kule. Mwaka 1982, askari wa Shelisheli walipoasi, wanajeshi wa Tanzania walisaidia kuwazima. Kwa hiyo tunapoisifia demokrasia ya Shelisheli leo, tukumbuke kwamba na sisi tulishiriki kuulinda mfumo wa chama kimoja uliodumu kule hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katiba ya vyama vingi ilikuja 1993. Chama kilekile kiliendelea kushinda, kikibadilisha jina njiani, René akampisha James Michel mwaka 2004, na maisha yakaendelea.

Upande wa pili alikuwapo kasisi wa Kianglikana, Wavel Ramkalawan. Aligombea urais 1998, akashindwa. Akagombea 2001, akapata karibu asilimia 45. 2006, karibu asilimia 46. Mwaka 2011 akashuka hadi asilimia 41 na kidogo. Ukiziweka namba hizi mstari mmoja utaona mtu aliyefika mlangoni mara mbili, kisha akaanza kurudi nyuma.

Halafu chama chake kikafanya kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Baada ya kushindwa urais 2011, kiliususia uchaguzi wa wabunge wa mwaka huohuo, kikidai sheria za uchaguzi zirekebishwe kwanza. Hoja yao ilikuwa na uzito. Matokeo yake yalikuwa kwamba chama tawala, Parti Lepep, yaani chama cha watu kwa Kikreoli chao, kilizoa takriban viti vyote vya Bunge, na kwa miaka mitano chama kikuu cha upinzani hakikuwa na pa kuuliza swali. Kususa kuna utamu wake siku ya kwanza. Siku ya pili unagundua kwamba wenzako wanakula, na sahani yako wameiondoa mezani.

Sasa tuje Desemba 2015. Kule kura hupigwa kwa siku tatu. Boti na ndege hutangulia visiwa vya mbali vyenye watu wachache, kisha siku ya mwisho ni ya visiwa vikubwa: Mahé, Praslin na La Digue. Anayejua namna masanduku ya kura yanavyovushwa kwenda visiwa vyetu vya Ukara na Irugwa ataelewa mara moja kwa nini hawana haraka. Wagombea urais walikuwa sita. Michel aliongoza kwa karibu asilimia 48. Ramkalawan alifuata akiwa na zaidi kidogo ya theluthi moja. Wa tatu alikuwa Patrick Pillay, waziri wa zamani aliyetoka ndani ya chama tawala na kuanzisha chake, akapata asilimia 14.

Hapa nilimsimamisha yule mama na kumuuliza nani ameshinda. Akanijibu bila kufikiri: "Si huyo wa arobaini na nane?" Kwa kanuni zetu yuko sahihi kabisa. Tangu Katiba ya Tanzania ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2000, anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye rais, hata asipofika nusu. Shelisheli wangekuwa na sheria hiyo, Michel angeapishwa, kisa kikaisha, na mimi nikachukua dagaa wangu nikaondoka.

Katiba yao inataka zaidi ya asilimia 50. Hakuna aliyefika. Kwa mara ya kwanza katika historia yao ikabidi waende duru ya pili, tarehe 16 hadi 18 Desemba, Michel na Ramkalawan peke yao. Pillay akatangaza kumuunga mkono kasisi. Walijitokeza karibu watu tisa kati ya kila kumi waliojiandikisha, jambo ambalo huku kwetu tungelisikia kwa mashaka kidogo. Matokeo yakatoka hivi:

James Michel, kura 31,512.
Wavel Ramkalawan, kura 31,319.

Toa moja kwa nyingine. Zinabaki 193. Meli yetu ya MV Butiama, inayokwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, hubeba abiria 200. Urais wa nchi ungeweza kupanda meli hiyo wote, na viti saba vikabaki wazi.

Lakini hesabu haijaisha, na hapa ndipo wengi wanaposimulia kisa hiki wanapokosea. Husema zilihitajika kura 193 ili mambo yageuke. Hapana. Mpiga kura mmoja akihama upande, tofauti inapungua kwa mbili, kwa sababu kura moja imetoka huku na ileile imeongezeka kule. Wangehama watu 97 tu, kasisi angekuwa na 31,416 na rais 31,415. Watu 97 ni darasa moja lililojaa katika shule zetu nyingi za msingi. Ni msafara wa harusi wa kawaida tu pale Igoma, na hapo hujahesabu wapiga ngoma.

Michel aliapishwa siku chache baadaye. Ramkalawan akaenda mahakamani. Miongoni mwa malalamiko yake yalikuwamo madai ya kununua kura, ambayo nitayarudia, lakini hoja iliyonivutia zaidi ilikuwa kavu na ya kihesabu. Katiba inasema zaidi ya asilimia 50 ya kura. Kura zipi? Zile halali pekee, au zote zilizotumbukizwa sandukuni pamoja na zilizoharibika?

Usidhani ni ubishi wa wanasheria tu. Kura za Michel 31,512 ukizizidisha mara mbili unapata 63,024. Kura halali zote zilikuwa 62,831. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni 193 ileile. Maana yake, kura zilizoharibika zikizidi 193 na ukaziingiza kwenye hesabu, Michel hana nusu, na uchaguzi hauna mshindi. Nazo zilizidi, tena kwa mbali.

Nimewahi kukaa wakala wa chama katika darasa moja la shule, na naweza kusema hakuna karatasi zinazosahaulika haraka kama zile zilizoharibika. Zinatajwa, zinaandikwa kwenye fomu, zinafungwa kwenye bahasha, basi. Siku ile niliona moja imewekewa alama ya vema kwa wagombea wote, kwa mwandiko wa utulivu kabisa, kama mtu aliyeamua kutomkasirisha yeyote. Nyingine ilikuwa na alama iliyosimama juu ya mstari unaotenganisha majina mawili. Tulibishana dakika kumi juu ya alama hiyo, mawakala wote tukiinamia meza na taa ya karabai, kabla msimamizi hajaikataa. Kwenye jimbo letu haikubadilisha kitu. Shelisheli ingeweza kuwa nusu ya hoja ya kikatiba.

Mahakama ya Katiba iliamua kwamba zinazohesabika ni kura halali, na Mei 2016 shauri la kupinga ushindi wa Michel likatupwa. Nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Mtu aliyeweka vema kwa wote hajamchagua yeyote, na si haki karatasi yake imzuie mwingine kufika nusu. Ila ninachokitazama zaidi ni kwamba lilikuwapo jengo la kuingia na swali hilo, likasikilizwa na majaji, likajibiwa kwa maandishi. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuuchunguza uchaguzi wake. Matokeo ya ubunge unaweza kuyapinga Mahakama Kuu, na hapa Mwanza kesi za namna hiyo tumeziona. Ya urais, hapana. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo palepale Arusha, ilisema kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Mama wa dagaa aliposikia sehemu hii aliuliza swali moja: "Sasa mtu mwenye dukuduku lake anakwenda kulitua wapi?" Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu chenji.

Turudi visiwani. Mwaka 2016 ulikuwa na uchaguzi wa wabunge, na ndani yake ndimo ilimo habari yenyewe. Wapinzani walikuwa wamemsimamisha kasisi na kushindwa mara ya tano katika urais, safari hii kwa kiasi ambacho mtu angeweza kukiita wizi na nusu ya nchi ikamwamini. Wangesusa tena, wasingekosa wa kuwapigia makofi. Badala yake waliziangalia namba za duru ya kwanza. Asilimia 14 za Pillay zilikuwa zimeelekea wapi? Kwa sehemu kubwa zilikuwa zimehamia kwa kasisi, vinginevyo asingetoka theluthi moja na kufika karibu nusu ndani ya wiki mbili. Kumbe kile walichokuwa wakikikosa kwa miaka ishirini kilikuwa ndani ya chama tawala, kwa watu waliochoka na chama lakini wasioweza kumpigia kasisi moja kwa moja bila daraja la kupitia.

Wakajenga daraja. Chama cha Ramkalawan, cha Pillay na vingine vidogo vikaungana katika Linyon Demokratik Seselwa. Uchaguzi ulifanyika Septemba 2016, tofauti ya kura nchi nzima ikawa finyu tena, lakini viti vikaja upande wao: 19 kati ya 33. Pillay akawa Spika. Mwezi huohuo Michel, rais aliyeapishwa miezi tisa tu nyuma yake, akatangaza kwamba anajiuzulu. Tarehe 16 Oktoba 2016 makamu wake Danny Faure akashika nafasi.

Wachambuzi wengi hukisoma kisa hiki kama hadithi ya subira ya mtu wa Mungu. Mimi subira siioni sana. Naona hesabu. Kura 193 ziliwaambia wapinzani kwamba wana nusu ya nchi, na zikamwambia rais jambo hilohilo kwa upande wake. Angeshindwa Ramkalawan kwa kura elfu kumi, nani angehangaika kuungana? Na Michel angeshinda kwa elfu kumi, sidhani kama angeshuka mwaka uleule hata baada ya kupoteza Bunge. Ushindi ule mwembamba ulimwachia kiti, ukamnyang'anya uhakika wa kukikalia. Hayo ni mawazo yangu. Mwenyewe alisema ni wakati wa kizazi kingine.

Kuna jambo jingine husemwa kuhusu Shelisheli linaloniudhi kidogo: kwamba ni ndogo, watu wanajuana, ndiyo maana wana ustaarabu. Mtu anayesema hivyo hajaishi kisiwani. Kisiwani, ukibadilisha mabati, kijiji kizima kinajua pesa imetoka wapi au kinajitungia. Siku ya mkutano wa kampeni wanajua umesimama upande gani wa uwanja, na wanajua hata kama hukusimama. Serikali ikiwa mwajiri mkubwa, na mtoto wako anasubiri ajira, siri ya kura inabaki ndani ya kituturi tu. Nje yake kila mtu anakisia. Na ambapo watu 97 wanaweza kugeuza urais, kila kura ina bei kubwa zaidi na wa kuwafuata ni wachache zaidi. Ndiyo maana madai ya kununua kura hayakuwa ya kushangaza, na ndiyo maana udogo ule ungeweza vilevile kuzaa fujo. Zanzibar si kubwa, watu wanajuana mpaka majina ya babu zao, na kujuana huko hakujawahi kuzuia chaguzi zake kuwa za moto.

Mengine yanajulikana. Uchaguzi wa Oktoba 2020, ambapo rais na wabunge walichaguliwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu 1998, ulikuta hoteli ziko tupu kwa sababu ya Korona, na nchi ile inaishi kwa watalii. Ramkalawan alipata asilimia 54.9, Faure asilimia 43.5. Jaribio lake la sita. Baada ya matokeo walikaa pamoja, aliyeshinda na aliyeshindwa, mbele ya watu. Kilikuwa kipindi cha kwanza cha upinzani kushika dola kule tangu mapinduzi ya 1977. Muungano wake ulipata viti 25 kati ya 35.

Kisha miaka mitano ikapita, na kasisi akaonja alichowaonjesha wenzake. Septemba 2025 hakuna aliyefika nusu. Wakarudi duru ya pili kwa mara nyingine, Oktoba, na Patrick Herminie, daktari aliyewahi kuwa Spika enzi za Parti Lepep, akashinda kwa asilimia 52.7 dhidi ya 47.3. Chama cha zamani, sasa kikiitwa United Seychelles, kikarudi Ikulu. Makabidhiano yakafanyika bila kelele. Wale waliokuwa wakimsifia Ramkalawan kwa kuiondoa serikali madarakani wakajikuta wanatazama serikali yake ikiondolewa kwa njia ileile, na kusema kweli sehemu hii ndiyo inayonifanya nikiamini kisa chote.

Siku ile mwaloni sikufika 2025. Nilikuwa nimefika pale kwenye watu 97, nikaona mama ameacha kupeta. Ndoo ilikuwa imejaa hadi kwenye alama, ameishikilia, hajaimimina.

"Hao tisini na saba," akasema, "wanajijua?"

Nikamwambia hawajijui. Kura ni siri, na hakuna namna ya kumnyooshea mtu kidole kwamba ni wewe.

Akafikiri. Nyuma yangu mtu akasema mama, tuna haraka, meli ya Nansio hiyo inaondoka.

"Basi kule kila mtu anadhani ni jirani yake," akasema, akamimina dagaa kwenye mfuko wangu, akaongeza na vile viwili vitatu vilivyoning'inia ukingoni mwa ndoo. "Elfu tano, mwalimu. Na leo usilete noti kubwa."